Kuanzisha klabu ya filamu huru Mbeya, Iringa na miji ya jirani

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki: ninunue projekta gani, filamu nizitoe wapi, je, lazima tusajiliwe, na umeme ukikatika katikati ya filamu tufanyeje? Mwongozo huu unajibu yote manne, pamoja na lile ambalo wengi hawaliulizi mpaka wameshakwama: filamu ikiisha, watu watabakije wakizungumza badala ya kunyanyuka na kwenda zao?

Tuseme mapema tunachoamini. Projekta haifanyi klabu. Watu kumi na wawili wanaokutana siku ile ile kila mwezi mbele ya televisheni ya inchi 50, wakaangalia filamu ya dakika ishirini na kuijadili kwa saa nzima, hao tayari ni klabu. Anayechangisha fedha za vifaa kabla ya kuwa na watazamaji huishia kuvikodisha kwenye harusi. Kwa hiyo fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama una hamu ya kwenda dukani leo.

Filamu huru tunazozungumzia ni zile zilizotengenezwa nje ya kampuni kubwa, aghalabu kwa bajeti ndogo, zikiwa na jambo ambalo mwongozaji alitaka kulisema kwa namna yake. Kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyesha video kwa kiingilio, hakizionyeshi kwa sababu hazijazi benchi. Ndiyo maana klabu inahitajika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wanne wenye kazi zinazojulikana: mratibu, mtu wa mitambo, mwongoza mjadala na mtunza hazina. Mtu mmoja asishike kazi mbili kati ya hizi. Hasa mtu wa mitambo asiwe ndiye mwongoza mjadala, maana akili yake itakuwa kwenye nyaya.
- Chumba cha watu 15 hadi 30 kinachoweza kutiwa giza.
- Televisheni ya inchi 43 hadi 55, au projekta ya kuazima. Usinunue bado.
- Laptopu yenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video.
- Spika moja yenye amplifaya ndani yake, ya inchi 10 au 12.
- Kebo mbili za HDMI (moja ya akiba), waya wa kuunganisha laptopu na spika, ekstensheni mbili ndefu, na soloteipu pana ya kubandika nyaya sakafuni.
- Daftari mbili: moja ya mahudhurio, moja ya hesabu.

Hatua

1. Pata watu sita, kisha mpange siku. Sita wanatosha kuanza, ilimradi wote sita watakuja mwezi ujao. Siku tunayoipendekeza huku kwetu ni Jumapili ya pili ya mwezi, saa tisa alasiri. Ibada na chakula cha mchana vimeshapita, Wasabato wako huru, na mkimaliza saa kumi na mbili mtu wa Uyole au Iyunga bado anapata daladala bila wasiwasi. Maonyesho ya usiku yanapendeza kwa giza lake, lakini yanawafungia mlango wanawake wengi na wanafunzi. Njombe na Mafinga, mwezi wa Juni na Julai, baridi ya usiku itakumalizia watazamaji.

Kabla ya kutangaza tarehe, angalia ratiba ya ligi. Simba na Yanga wakicheza siku hiyo, sogeza onyesho wiki moja mbele. Angalia pia kalenda ya vyuo kama unawategemea wanafunzi wa MUST, Mkwawa au Chuo Kikuu cha Iringa: wiki za mitihani hutawaona.

Kosa la kawaida: kukutana kila wiki kwa sababu ya moto wa mwanzo. Kuandaa onyesho moja vizuri, pamoja na ruhusa, huchukua wiki tatu.

2. Tafuta chumba. Darasa la shule, ukumbi wa kanisa, chumba cha maktaba ya mkoa, mgahawa unaofunga Jumapili mchana. Nenda ukague mwenyewe, saa ile ile mtakayoonyesha, ukiwa na orodha hii kichwani:

Dari ndilo la kwanza. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ya alasiri juu ya bati tupu hunyamazisha spika yoyote ile, na Tukuyu hali hiyo hufika Mei na kupita. Chumba chenye siling bodi kina thamani kuliko chumba kikubwa. Kisha madirisha: yanatazama magharibi? Jua la saa kumi litaingia moja kwa moja kwenye kitambaa. Kisha soketi: ziko ngapi, na zina umeme kweli? Chomeka chaja ya simu kwenye kila moja. Mwisho choo, na nani ana funguo. Pata namba mbili za watu wenye funguo.

3. Pita serikalini. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, uwajulishe. Kisha nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaweka uonyeshaji wa filamu kwa umma chini ya Bodi ya Filamu, pamoja na upangaji wa madaraja ya umri. Usidhani onyesho la bure haliwahusu. Uliza, na ukiambiwa jambo omba liandikwe. Mpelekee karatasi moja yenye jina la filamu, mwaka, nchi, urefu wa dakika, muhtasari wa mistari mitano, umri wa watazamaji, mahali na saa. Afisa aliyepewa karatasi safi wiki mbili kabla huwa mlezi wa klabu. Aliyesikia habari zenu siku ya onyesho atakuja kulisimamisha.

Usajili si jambo la siku ya kwanza. Utauhitaji mtakapotaka akaunti ya benki kwa jina la klabu au msaada wa fedha kutoka taasisi. Wakati huo Afisa Maendeleo ya Jamii atakuelekeza aina ya usajili inayowafaa.

4. Chagua filamu ya kwanza, na iwe fupi. Dakika 15 hadi 40. Filamu ndefu humaliza muda wa mjadala, na mtu asiyeizoea aina hii ya filamu huvumilia dakika ishirini hata kama haielewi, ila hatavumilia mia na ishirini.

Mfano unaofaa ni *Borom Sarret* ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963, yenye takriban dakika ishirini. Ni siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar: anabeba watu, wengine hawamlipi, anaingia mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, askari anamnyang'anya chombo chake cha kazi. Mwendesha guta wa Mwanjelwa hahitaji kuelezwa chochote hapo. Ya kwetu ipo *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, ya dakika thelathini na kitu. Mkishazoea mnaweza kupanda hadi filamu ndefu kama *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ambayo imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Hiyo inakupa nafasi ya kuwaalika walimu wa Kiswahili waliosoma kitabu.

Majina mengine utayapata kwenye orodha za Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, linalofanyika tangu 1998. Zipitie orodha za miaka ya nyuma, andika majina ya waongozaji wa Afrika Mashariki, kisha watafute mitandaoni mmoja mmoja. Wengi wana filamu fupi ambazo hazijaonwa na mtu yeyote nje ya matamasha. Goethe-Institut na Alliance Française, zilizopo Dar es Salaam, nazo ni mahali pa kuuliza filamu za Ujerumani na Ufaransa kwa maonyesho yasiyo ya biashara.

Tahadhari: filamu uichague wewe baada ya kuiangalia yote, mpaka majina ya mwisho. Usiamini muhtasari. Tukio moja la faragha ambalo hukulitarajia, mbele ya mzee wa kanisa aliyewapa ukumbi, na ukumbi huo hutaupata tena.

5. Omba ruhusa ya mwenye filamu. Hatua hii wengi huiruka. Kulipia Netflix kunakupa haki ya kuangalia nyumbani kwako na familia yako, hakukupi haki ya kujaza ukumbi. Video iliyopakuliwa YouTube ni vivyo hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtengenezaji, na COSOTA ndiyo ofisi inayoisimamia. Lakini hata sheria isingekuwepo, klabu ya filamu huru inayoiba filamu huru inamkata miguu yule yule inayedai kumpenda.

Kuomba si kazi ngumu. Andika hivi:

*Habari za kazi. Sisi ni klabu ya kuangalia na kujadili filamu mjini Iringa, watu wapatao 25. Tunaomba ruhusa ya kuonyesha filamu yako … mara moja tu, Jumapili tarehe …, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa … Hakuna kiingilio. Wanachama huchangia gharama za ukumbi. Faili litakaa kwa mtu mmoja na litafutwa baada ya onyesho. Tunaweza kukulipa shilingi … Baada ya onyesho tutakutumia kwa maandishi yale yaliyosemwa na watazamaji. Ungependa pia kuzungumza nasi kwa simu dakika 15 mwisho wa mjadala?*

Taja kiasi, hata kikiwa kidogo. Sentensi ya maoni ya watazamaji ina uzito kuliko fedha, kwa sababu mwongozaji wa filamu fupi mara chache husikia watu wa Makambako walisema nini juu ya kazi yake. Usipojibiwa ndani ya siku kumi, kumbusha mara moja. Ukimya si ruhusa. Chagua filamu nyingine. Majibu yote yatunze kwenye folda moja, na uchapishe lile la mwezi huu ulipeleke kwa Afisa Utamaduni.

Ukitaka kitu cha kujaribia mitambo wakati unasubiri, tumia *Big Buck Bunny*, katuni ya dakika kumi ya mwaka 2008 iliyotolewa kwa leseni huria. Haina maneno, na picha yake ni safi.

6. Andaa picha. Kwa televisheni ya inchi 50, mtu wa nyuma asizidi mita nne. Hiyo ni safu tatu za watu wanne. Wakizidi hapo, azima projekta.

Kwa projekta, hesabu ni hizi. Picha yenye upana wa mita 2 ina urefu wa sentimita 112 hivi kwenda juu, na inatosha watu 30. Projekta nyingi za ofisini huitoa zikiwa mita 3 hadi 4 kutoka kwenye kitambaa. Safu ya kwanza ikae mita 3 kutoka kwenye kitambaa, ya mwisho isizidi mita 7. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1 na sentimita 20 kutoka sakafuni, vinginevyo vichwa vya mbele vitafunika maandishi ya chini. Kwa kitambaa, shuka jeupe la kitanda cha sita kwa sita linafaa: mpe fundi nguo alishonee kitambaa cheusi kwa nyuma, mwanga usivuje, na upindo wa juu na wa chini wa kupitisha bomba. Bomba la chini ndilo linalonyoosha mikunjo.

Unapoazima au kununua, uliza lumeni za ANSI, yaani mwangaza uliopimwa kwa kipimo rasmi. Chumba chenye mapazia kinahitaji 2,500 hadi 3,000. Vile viprojekta vidogo vilivyoandikwa lumeni 9,000 kwenye boksi havijapimwa kwa kipimo hicho, na saa tisa alasiri vitakuonyesha vivuli tu.

Sasa jambo ambalo miongozo ya pwani haiwezi kukuambia. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa inapita 1,500, Njombe inakaribia 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na projekta hupoozwa kwa hewa. Feni ikizunguka kwa kasi ya kawaida haiondoi joto vya kutosha, na baada ya muda mashine inaweza kujizima yenyewe. Watu huilaumu taa au umeme. Ingia kwenye menyu ya projekta, tafuta neno Altitude, na uiwashe hali hiyo. Watengenezaji wengi huitaka kuanzia mita 1,500. Feni itapiga kelele zaidi, basi usiiweke karibu na masikio ya watu. Toa pia kichujio cha hewa kila mwezi ukikung'ute vumbi; Iringa wakati wa kiangazi, kila onyesho.

Projekta iliyosafiri kwenye bodaboda asubuhi ya baridi usiiwashe papo hapo ukifika kwenye chumba chenye joto. Iache nusu saa, umande ulioganda kwenye lenzi ukauke.

7. Andaa sauti. Watu husamehe picha hafifu; maneno yasiyosikika hawasamehe. Spika ya ndani ya projekta isahau. Weka spika mbele, kando ya kitambaa, juu ya meza au stendi ili ipite vichwa vya waliokaa. Iunganishe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na midomo itaonekana ikitangulia maneno.

Pima kwa sehemu yenye mazungumzo ya chini, kamwe usipime kwa muziki. Simama safu ya mwisho. Ukumbi wa sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi: punguza besi, tandika mikeka, tundika blanketi mbili ukuta wa nyuma. Ukumbi ukijaa watu mwangwi hupungua wenyewe, kwa hiyo pandisha sauti kidogo onyesho likianza.

8. Jipange kwa kukatika kwa umeme. Fanya hesabu kabla hujaambiwa na muuzaji. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiimalize. Tumia nusu, yaani 600, na inveta itakula kidogo, ubaki na kama 500. Projekta ya taa hutumia wati 280 hivi, laptopu 50, spika 50: jumla 380. Utapata saa moja na robo. Projekta ya LED ya wati 100 pamoja na hivyo vingine ni wati 200, na betri hiyo hiyo itakupa saa mbili na nusu. Kwa filamu ya dakika ishirini na mjadala, vyote vinatosha.

Jenereta ndogo ya kilowati 1 au 2 inabeba yote, ila ikae nje, mita 20 au zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi dirishani. Usiiweke kwenye korido hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na ukumbi uliofungwa mapazia ni hatari kuliko nyumba ya kawaida.

Projekta ya taa iwe na UPS ndogo, yaani betri inayoshika papo hapo umeme ukikatika, hata kama una jenereta. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama taa ikiwa ya moto, na hapo ndipo taa hufa. Umeme ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke tena; mshtuko wa kwanza ndio mbaya.

9. Andaa maandishi ya chini. Filamu ya lugha ya kigeni bila Kiswahili inakata ukumbi vipande viwili. Kwa filamu fupi, wanachama wawili wanaweza kutafsiri wenyewe kwa programu ya bure ya Subtitle Edit, mkishapata idhini ya mwenye filamu. Mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili, na ikae sekunde mbili hadi sita. Kiswahili hurefuka, kwa hiyo kata: beba maana, acha maneno ya kujazia. Unapohifadhi faili chagua mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo alama ya *ng'* inaweza kugeuka takataka kwenye skrini. Jina la faili la maandishi lifanane na la filamu herufi kwa herufi, na VLC italifungua yenyewe.

Wapo wazee na watu wasiosoma kwa kasi hiyo. Watu wetu wameshazoea filamu zinazotafsiriwa kwa sauti, basi mpe mtu mmoja maiki asome tafsiri. Afanye mazoezi mara mbili na filamu nzima, asome kilichoandikwa, asiongeze vichekesho vyake.

10. Tangaza. Kundi la WhatsApp lenye wasimamizi pekee wanaoandika linatosha. Ujumbe mmoja siku kumi kabla, mwingine siku moja kabla: jina la filamu, dakika zake, lugha, umri, mahali, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa ya kumaliza usiiache, mama mwenye watoto anaamua kwa hiyo. Bandika karatasi pale wanapopita watu unaowataka: ubao wa chuo, stesheneri, saluni.

11. Siku yenyewe. Mtu wa mitambo afike saa saba na nusu. Saa nane kamili kila kitu kiwe kimewaka na dakika tano za filamu zimechezwa pamoja na maandishi. Zima arifa zote za laptopu na uizuie isilale. Nyaya zibandikwe sakafuni. Anza kwa kuchelewa dakika kumi, usizidishe. Ukiwasubiri wachelewaji mara moja, mwezi ujao wote watachelewa.

Utangulizi usizidi dakika tatu. Usieleze filamu inahusu nini. Sema nani aliitengeneza, wapi, mwaka gani, na kama ina jambo zito la kuumiza wapo watakaoshukuru kuambiwa. Chai ya tangawizi na maandazi viwe baada ya filamu. Bisi ziwe kwenye bakuli, kwa sababu mifuko ya plastiki hupiga kelele gizani.

12. Ongoza mjadala. Hapa tumia nguvu zako nyingi, maana ndipo klabu inapojengwa au kuvunjika.

Mwongoza mjadala awe ameiangalia filamu mara mbili nyumbani. Mara ya pili aandike dakika na sekunde za matukio matatu anayotaka kuyarudia. Taa ziwashwe taratibu, watu wakae kimya dakika mbili, kisha wapange viti duara. Usiulize “mmeionaje?” Swali hilo huzaa “nzuri” na “imetufundisha”, na mjadala umekufa hapo hapo.

Zunguka duara kwa swali moja: *ni picha gani au sauti gani imebaki kichwani mwako?* Kila mtu kitu kimoja, bila kueleza sababu, bila kupingwa. Hapa wote wanaweza kujibu, hata aliyekuja kwa mara ya kwanza. Kisha chukua kitu kilichotajwa na watu wengi, rudisha filamu pale, mwangalie tena dakika mbili. Kwa *Borom Sarret*, rudia mahali mkokoteni unapopanda kuelekea mtaa wa matajiri, uulize: muziki umefanya nini hapa? Watu watasikia mara ya pili kwamba umebadilika, na hapo mazungumzo yataacha kuhusu maskini na tajiri kwa jumla na kuingia kwenye namna filamu ilivyosemwa. Ndipo uulize swali la ubishi: yule mtu angefanya nini tofauti? Kosa ni lake, la askari, au la abiria aliyempeleka kule?

Mila zetu zina nguvu ukumbini. Mzee akishasema, vijana hunyamaza kwa heshima. Kwa hiyo panga mapema: wadogo waanze, wazee wafunge, na uwaambie wazee jambo hilo kabla, kwa adabu, mara tu baada ya shikamoo. Wataridhia. Mtu asizidi dakika mbili. Yule anayegeuza kila filamu kuwa mahubiri mwulize: “Umeliona tukio gani lililokuonyesha hivyo?” Ama atarudi kwenye filamu, ama atamwachia mwingine.

Kama mwongozaji amekubali kupigiwa simu, apigiwe mwishoni kabisa. Akitangulia kueleza, hakuna atakayethubutu kuona vingine.

Mtu mmoja aandike yaliyosemwa, nusu ukurasa, bila majina. Umtumie mwongozaji ndani ya wiki. Uliahidi.

13. Soma hesabu hadharani. Watu 25 wakichangia 2,000 kila mmoja mna 50,000: ukumbi, mafuta ya jenereta, chai, malipo ya mwenye filamu. Mtunza hazina asome matumizi mwanzoni mwa onyesho linalofuata, dakika moja tu. Asiye na mchango aingie. Mkiamua kuweka kiingilio cha lazima, mwandikie upya mwenye filamu na umrudie Afisa Utamaduni, kwa sababu ruhusa mliyopewa ilikuwa ya jambo jingine.

Mambo yakikwama

*Laptopu haionekani kwenye projekta.* Washa projekta kwanza, kisha laptopu. Bonyeza alama ya Windows pamoja na P, chagua kurudufu (Duplicate). Bado? Badilisha kebo. Kebo ya kawaida ya HDMI iliyozidi mita 10 hupoteza picha au huimeta-meta.

*Picha ipo, sauti inatoka kwenye projekta.* Laptopu imehamishia sauti kwenye HDMI. Bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua tundu la hedifoni.

*Spika inavuma “mmmm”.* Laptopu na spika zimechomekwa soketi mbili tofauti. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Ikiendelea, toa chaja ya laptopu kwa muda. Uvumi ukikoma, chaja ndiyo yenye tatizo.

*Picha pana juu, nyembamba chini.* Projekta imeinuliwa pua kutazama juu. Iweke sawa juu ya meza yenye kimo zaidi badala ya kuisahihisha kwa menyu, maana menyu hupunguza ukali wa maandishi.

*Maandishi yanatangulia au kuchelewa.* Kwenye VLC bonyeza G au H mpaka yalingane. Yakizidi kuachana kadiri filamu inavyoendelea, faili lilitengenezwa kwa toleo lingine la filamu. Tafuta toleo sahihi, G na H hazitatosha.

*Filamu inakwama-kwama.* Unaichezea kutoka kwenye flashi. Ihamishie kwenye laptopu yenyewe, funga programu nyingine.

*Projekta imejizima na taa nyekundu inawaka.* Joto. Iache ipoe dakika kumi, kagua kichujio na ile hali ya Altitude. Usiipulizie maji wala kuifunika. Dakika hizo kumi anza mjadala wa nusu ya kwanza: mnadhani nini kitatokea?

*Mvua imeanza na bati linanguruma.* Simamisha filamu, gawa chai. Mvua kubwa ya alasiri mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa. Kama haijapungua, onyesha ile fupi isiyo na maneno uliyoiweka kwenye laptopu kwa ajili hiyo.

*Waliokuja mwezi uliopita 22, mwezi huu tisa.* Usifute onyesho. Angalia daftari la mahudhurio, wapigie wale kumi na watatu mmoja mmoja, uulize kuhusu siku na saa kabla ya kuuliza kuhusu filamu. Mara nyingi jibu ni msimu wa kupanda, mitihani, msiba mtaani, au usafiri wa kurudi. Wiki inayofuata, tangaza tarehe ya onyesho lijalo bila kuibadilisha.